Mwiba Mmoja, Risiti Mbili

Hekaya hii niliisikia Majengo, Mpanda, kwenye kijiwe cha kahawa kisicho na jina wala paa, chenye mabenchi mawili na jiko la mkaa. Mwenye birika ni mzee ambaye kila mtu humwita Babu, hata wale wanaomzidi umri. Hadithi zake si za bure. Lazima uwe na kikombe mkononi, na kikombe kikiisha kabla ya hadithi, hunyamaza akakutazama mpaka uongeze.

Asubuhi hiyo mwalimu wa shule ya msingi alikuwa akimwonyesha mchimbaji wa dhahabu wa Dirifu kadi yake ya bima, akilalamika kwamba amezungushwa madirisha matatu kwa sababu ya vidonge, na mwishowe ameambiwa akanunue nje. Mchimbaji akacheka. Yeye hazungushwi, alisema: akiwa na pesa anatibiwa, akikosa anarudi nyumbani, yamekwisha. Wakaanza kubishana nani kati yao anaonewa zaidi. Mama anayeuza migebuka pembeni akasema wote wawili hawajui kuonewa. Babu akakung'uta majivu, akatukatiza.

"Paukwa?"

"Pakawa," tukaitika. Hakuna aliyekuwa na hamu ya hadithi, lakini kumnyima Babu kiitikio ni kama kumnyima salamu.

Palikuwa na Punda na Pundamilia. Hao ni mabinamu, ingawa upande wa Punda hawapendi kukumbushwa. Punda alikaa mjini, ameajiriwa, anabeba mpunga kutoka Mwamkulu. Pundamilia alikaa hifadhini kando ya Mto Katuma, amejiajiri. Kujiajiri kwake ni kwamba hakuna aliyewahi kufaulu kumtwisha mzigo. Hana bosi, kwa hiyo hana mshahara, na asiye na mshahara hana pa kukatwa.

Punda alikuwa na pa kukatwa. Kila mwisho wa mwezi mafungu mawili ya nyasi mbichi yalitolewa kwenye posho yake, yakapelekwa kwa Mwari. Mwari mnamjua: yule ndege mkubwa mweupe wa Ziwa Katavi, mwenye mfuko chini ya mdomo. Mnyama mwingine akikuambia nitakuwekea akiba, utamwuliza ataiweka wapi. Mwari humwulizi, mfuko wenyewe unauona. Punda akapewa jani lenye alama ya mguu wa Mwari, akaambiwa: siku ukiugua, onyesha jani.

"Sisi ni asilimia sita ya mshahara," mwalimu akadakia. "Tatu yangu, tatu ya mwajiri. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi, 2001."

"Mwalimu," Babu akamwambia, "huyu ni punda." Tukacheka, mwalimu akanywa kahawa yake.

Sasa, zamani za mababu zao, mnyama akiumwa hakwenda popote. Kulikuwa na ndege mdogo wa mgongoni, yule mwenye mdomo mwekundu anayewadonoa nyati kupe. Tumwite Mla Kupe. Alipita mgongo kwa mgongo, akitoa kupe, akitazama vidonda, akichomoa miba. Malipo yake yalikuwa kupe mwenyewe. Tabibu anashiba, mgonjwa anapona, na hakuna aliyeandika chochote.

Hapa Babu aliitelekeza hekaya yake kidogo, na nadhani alifanya makusudi. Alituambia kwamba yeye alizikuta hospitali zikiwa bure. Baada ya Azimio la Arusha mtu alikwenda na ugonjwa wake tu. Mwaka 1977 sheria ikakataza kabisa tiba ya kibinafsi ya kujipatia faida. Ikaja njaa ya miaka ya 80, si ya chakula peke yake, njaa ya dawa, ya bandeji, ya mafuta ya gari la wagonjwa. Ikawa bure, lakini bure ya kabati tupu. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 zile za serikali zikaanza uchangiaji.

"Uchangiaji," Babu alilirudia neno, akilionja kama kashata. "Neno la harusini hilo. Ila harusini ukichanga unakula."

Basi na kule porini ulikuja mwaka wa ukame. Katuma ikakauka ikabaki madimbwi, viboko wakarundikana chemchemi ya Ikuu mmoja juu ya mgongo wa mwenzake kama magunia ghalani. Kiboko mkubwa akasema: Hospitali ya Bwawani inahitaji ukarabati, kila mnyama achangie konzi moja ya nyasi. Bwawa lilichimbwa na wote, lakini Kiboko ndiye aliyekuwa amekaa ndani yake, na aliyekaa ndani ya kitu ni vigumu kumwambia kwamba si chake. Wakachanga. Mwaka uliofuata konzi ikawa fungu. Mwaka wa tatu pakawekwa dirisha.

Dirisha lilikuwa pango. Kiangazi mamba wa Katavi hujichimbia mapango ukingoni mwa mto, hujilaza humo mmoja nyuma ya mwingine wakingoja mvua. Pango moja likageuzwa la malipo, na Mamba akakaa mlangoni, mdomo wazi, kama kawaida yake. Hakuna mnyama aliyeweza kusema ni lini ameanza kudai na ni lini alikuwa anapiga miayo tu.

Mla Kupe akaajiriwa humo humo bwawani kwa mshahara uleule wa kupe. Juu yake akawekwa Kongoti, ndege mrefu mwenye kipara na koti jeusi, ambaye wengine mnamwona dampo. Kongoti ndiye daktari. Anatazama.

Siku moja mabinamu walikutana kijia cha kwenda mtoni, wakakanyaga tawi moja la mgunga. Mwiba mmoja ukamwingia Punda ukwato wa nyuma wa kushoto. Mwiba jirani yake, urefu uleule, ukamwingia Pundamilia ukwato uleule. Wakatazamana. Wakaenda Bwawani wakichechemea kwa mwendo mmoja, mpaka aliyewaona kwa mbali alidhani ni ngoma.

Mamba akamwuliza Pundamilia, "Jani?"

"Sina."

"Taslimu, kushoto." Akamgeukia Punda. "Wewe?"

Punda akatoa jani lake, akiwa na kiburi kidogo, haki yake. Kulilipia miaka minane si mchezo.

"Jani, kulia," alisema Mamba. "Na ungoje."

Pundamilia akaambiwa aweke mafungu ishirini na moja kabla hajaguswa. Akasema kiangazi hiki hana hata matatu. Mamba akamwambia hakulazimishwa kukanyaga mwiba. Kwa hiyo akarudi porini kwa miguu mitatu, akayaweka rehani malisho yake ya Oktoba kwa Nyati, akaleta mafungu. Huku nyuma jua likapanda, mwiba ukaanza kutunga usaha.

Punda alikuwa bado anangoja. Ombi lake lilipelekwa kwa Mwari lipatiwe kibali, na mjumbe wa vibali alikuwa Kobe. Mimi nilimwuliza Babu kwa nini asitumwe Swala. Akanijibu kwamba Swala alishaomba kazi hiyo, barua yake ya maombi imepelekwa na Kobe.

Kibali kikarudi jioni: mwiba wa mchongoma umo kwenye kitita cha huduma, mwiba wa mgunga haumo. Punda akaomba mwiba wake uandikwe mchongoma. Mamba akamtazama kwa huruma, akamwambia tatizo hilo lina dawa, atoe mafungu matano ya kuongezea, na marhamu akanunue duka la jirani, la shemeji yake Mamba, manne. Punda akauliza, na yale ya miaka minane? Akajibiwa kwamba yale ni ya miaka minane, haya ni ya leo.

Usiku ule ule, kwa taa moja ya kimulimuli, wakatibiwa. Nitaieleza tiba yenyewe, maana haina urefu. Kongoti alisimama kwa mguu mmoja, akautazama ukwato wa Punda kwa jicho la kushoto, akageuza shingo, akautazama kwa jicho la kulia. Akakohoa. Kabla hajamaliza kukohoa, Mla Kupe ameshatua, ameinamisha kichwa, ameshika mwiba kwa ncha ya mdomo: ch'! Ukatoka. Ukaanguka matopeni, mweupe, kiasi cha kidole. Akarukia ukwato wa Pundamilia: ch'! Akaona na kupe sikioni, akamla. Huo ndio ukawa mshahara wake wa siku.

Pundamilia, alipokuwa akiondoka, alimwuliza Mamba kwa adabu kwa nini huduma ni ghali hivyo. Mamba akashusha sauti. "Ni hao wenye majani," alisema. "Mwari wao analipa baada ya miezi, tena nusu. Sasa tufanyeje? Lazima tufidie kwenu nyie wa taslimu." Pundamilia akatikisa kichwa, akamwona binamu yake kwa jicho jipya.

Punda naye, kwenye mlango wa kulia, aliuliza swali lile lile. Mamba akashusha sauti ile ile. "Ni hao wasio na majani. Wanatibiwa kwa msamaha, wengine wanatoroka usiku na bandeji yetu. Lazima tufidie kwenu nyie wenye Mfuko." Punda akatikisa kichwa, akasema moyoni kwamba kweli, wale wenye mistari hawajawahi kuwa watu wa maana.

Wakatembea njia moja mpaka mtoni bila kusemezana.

"Hapo pana ukweli," mwalimu akasema, na nadhani hakujua amesema kwa sauti. Mchimbaji hakusema kitu. Mama wa migebuka ndiye aliyeongea. Alisema alikuwa na Toto Afya Kadi ya mjukuu wake, 50,400 kwa mwaka. Alikuwa akiiwekea mia tano tano kwenye kopo la maziwa. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wakaambiwa watoto watasajiliwa kupitia shule. Mjukuu alikuwa na miaka miwili. "Nikamwambia haya, chukua begi uende shule," alisema mama, na alicheka yeye peke yake.

Mwalimu akajaribu kutetea. Mfuko ulisema waliokuwa wakisajiliwa ni watoto waliokwisha kuugua, na bima haiwezi kusimama kwa wagonjwa watupu. Inataka wazima wengi wawabebe wagonjwa wachache. Hapo mwalimu alikuwa sahihi, wala sioni aibu kusema. Lakini Babu alipolirudisha jambo hilo porini lilikaa hivi: Mwari alifungua mfuko wake siku moja akashangaa sana kugundua kwamba wanaokuja na jani ni wanaoumwa.

Naye Mwari alikuwa na machozi yake, tusimwonee. Kwanza Sungura. Ukoo mzima wa Sungura, mashimo kumi na tano, ulikuwa na jani moja. Nani atamtofautisha sungura na sungura? Jani lilizunguka kutoka shimo hadi shimo, na kwa hesabu za Mwari kulikuwa na sungura mmoja tu duniani, aliyevunjika mguu mara nne, akajifungua mara tisa, akatahiriwa mara mbili. Pili Kiboko. Kiboko alikuwa akituma madai ya vitanda walivyolalia wanyama wasiolala. Mwari kwa hasira akapiga kalamu nyekundu juu ya kila dai, la kweli na la uongo. Kiboko kwa kujua kwamba atakatwa nusu, akaanza kuandika mara mbili. Mwari kwa kujua kwamba ameandikiwa mara mbili, akakata theluthi mbili. Wakawa kama wanunuzi wawili wa tumbaku wanaovutana kwenye mzani, na mkulima amesimama kando na robota lake.

Mla Kupe ndiye aliyeyavunja yote, bila kukusudia. Ndege yule hana mgongo wake mwenyewe, leo yuko kwa huyu kesho kwa yule. Asubuhi moja alikuwa shingoni kwa Pundamilia, akaona karatasi iliyobandikwa na usaha kwenye manyoya. Akaisoma, maana alikuwa na muda. Mchana alikuwa kwa Punda, akaikuta nyingine. Akaona ajabu, akawaita wote wawili chini ya mkwaju.

Mkwaju huo upo. Uko karibu na Ziwa Katavi, na wazee wanasema ni wa mzimu wa Katabi, mwindaji, ambaye jina lake limepewa ziwa, hifadhi, na tangu 2012 mkoa wetu. Watu bado huacha sadaka pale. Chini yake uongo huwa mgumu kutamka, au ndivyo tulivyolelewa kuamini.

Risiti zikatandazwa chini, jiwe juu ya kila moja. Mla Kupe akadonoa mstari kwa mstari.

Faili. Pundamilia moja, Punda moja. Wakapumua.

Kumwona daktari. Pundamilia manne, Punda manane.

"Mimi nilimwona dakika ngapi?" Punda akauliza.

"Ulimwona mgongo," alisema Mla Kupe. "Twende."

Jicho la kushoto. Matatu, sita. Jicho la kulia. Matatu, sita. Pundamilia akasema hakujua kwamba macho ya daktari yanauzwa moja moja. Kung'oa mwiba: manane kwake, kumi na sita kwa Punda. Kitanda cha mapumziko: mawili kwa Pundamilia, ambaye hulala wima, na manane kwa Punda, siku mbili, naye aliondoka usiku ule ule.

Jumla ya Pundamilia, ishirini na moja. Jumla ya Punda, arobaini na tano. Punda akakaa chini. Lakini chini ya arobaini na tano palikuwa na mwandiko mwekundu wa Mwari: nimelipa kumi na nne. Chini yake mwandiko wa Mamba: mgonjwa kaongeza matano. Na pembeni kipande cha duka la shemeji, manne.

Wakahesabu kwa kwato. Kwa mwiba wa Punda, Bwawa lilipata kumi na tisa. Kwa mwiba wa Pundamilia, asiye na kitu, ishirini na moja. Kwa maneno mengine yule aliyeweka malisho rehani ndiye aliyelipa zaidi kwa Kiboko, na yule mwenye jani, ambaye Mwari ameshamla mafungu mia moja tisini na mawili kwa miaka minane, alitoa mengine tisa siku aliyoumwa. Kila mmoja aliambiwa anambeba mwenzake, wala hakuna aliyebebwa.

"Na mwiba wenyewe," Pundamilia akauliza, "una bei gani?"

Wote wakamgeukia Mla Kupe. Ndege akafikiri. "Mimi nililipwa kupe mmoja," alisema. "Wa wote wawili."

Mwalimu alisema jambo hili si la porini wala la Katavi peke yake. Marekani, alisema, kila hospitali ilikuwa na orodha ya bei ambayo karibu hakuna bima iliyoilipa kamili, kila bima ilipatana punguzo lake kwa siri, na aliyeipata orodha nzima kama ilivyo ni yule asiye na bima. Ndiyo maana tangu Januari 2021 kanuni ya serikali imezitaka hospitali za kule zitangaze bei zao hadharani. Mchimbaji akauliza kama Wamarekani nao huambiwa wakanunue glovu nje. Mwalimu akasema hana hakika. Mchimbaji akasema basi hapo tumewazidi.

Kesi ikafika kwa Tembo. Tembo akaitisha baraza, akasikiliza masikio yote mawili yakipepea, akasema ameumia sana. Akaagiza kwamba kuanzia sasa kila mnyama, mwenye bosi na asiye na bosi, awe na jani. Wanyama wakapiga kwato. Mimi hapo nilikumbuka Bunge lilivyoupitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya kuahirishwa hapo kabla kwa sababu haikuwa imeeleweka nani atamlipia asiyejiweza. Wakati huo waliokuwa na bima ya aina yoyote nchini walitajwa kuwa kama 15 katika kila 100. Jambo lenyewe ni jema. Nimelitetea hata kwa watu wanaonidai.

Pundamilia akanyoosha mguu. "Mheshimiwa, langu litakatwa kwenye mshahara gani?"

Tembo akajibu kwamba wanyonge watalipiwa kutoka kwenye tozo za vinywaji.

"Soda na bia!" mchimbaji akaruka. "Hiyo ya kweli, nimeisikia. Kumbe kila Jumamosi mimi ni mfadhili wa afya!"

Babu akamwuliza kama amewahi kukata CHF, bima ya afya ya jamii, ile iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliyoanzia jirani zetu Igunga 1996 kabla haijaboreshwa. Mchimbaji akasema aliwahi kwenda. Wakamwuliza kaya yake. Akasema yeye yuko peke yake, ila shimoni wako sita, je, waandikwe kaya? Waliandikishwa? Hawakuandikishwa. Na nikifikiri vizuri, wale sita wanaokula sufuria moja na kufukiwa na kifusi kimoja ni kaya kuliko kaya nyingi ninazozijua.

Baraza halijamaliza hata kukung'uta vumbi, Mwari akatoa kitita kipya chenye bei zake mpya. Kiboko akakisoma, akasema kwa bei hizi hata maji ya kunawa hayalipiki. Akajizamisha akabaki pua. Asubuhi wenye majani walipofika Bwawani walikuta mlango wa kulia umefungwa. Nani aliyesema hekaya ni za uongo? Tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisimamisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa ugomvi uleule wa kitita. Waliokuwa na kadi mkononi wakawa kama wasio nayo, isipokuwa kwamba waliendelea kukatwa. Serikali na wenye hospitali wakaitana mezani. Wagonjwa hawakuitwa, walikuwa wanaumwa.

Punda siku hiyo alikuwa na homa ya kwato. Akaenda mlango wa kushoto, akajipanga nyuma ya Pundamilia. Mara ya kwanza kusimama foleni moja tangu walipokanyaga mgunga. Punda akasema, "Shikamoo, binamu," ingawa yeye ndiye mkubwa.

Kuhusu Fisi sitaki kusema sana, Babu mwenyewe alipita hapo haraka. Fisi ndiye mwangalizi wa chumba cha baridi. Swala mzee alifia Bwawani, deni lake mafungu thelathini, na Fisi akakataa kumtoa mpaka deni liishe. Wanawe wakauliza atamfanyia nini. Fisi akasema hamfanyii kitu, anamtunza. Katika nchi yetu serikali imekataza zaidi ya mara moja hospitali kuzuia maiti kwa ajili ya deni. Jambo lililokomeshwa halikatazwi tena.

Tembo akatoa agizo la mwisho. Bei ziandikwe kwenye kibao, ubao mkubwa, kwa herufi ambazo hata Kifaru anaona: mwiba, kiasi hiki, kwa mwenye jani na asiye nalo, na Mla Kupe atajwe. Kibao kisimikwe mbele ya pango la Mamba. Wote wakakubali, hata Mamba, kwa kuwa mdomo wake huwa wazi na haijulikani lini anakubali.

Kibao kilichongwa Tabora. Akatafutwa wa kukileta.

"Wakamtuma nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kobe," alisema Babu. "Yuko njiani. Barabara ya lami siku hizi, mteremko mtupu. Mara ya mwisho ameonekana Koga."

Mwalimu akatoa karatasi mfukoni, iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya benchi. Mchimbaji akapekua pochi yake akatoa yake, yenye alama ya kidole cha matope. Walikuwa wametibiwa malaria wiki moja, zahanati zilizo mtaa mmoja. Mama wa migebuka akasogeza ndoo yake ili apate kuona, Babu akaweka birika chini. Wakaanza na mstari wa kwanza: faili.

Msomaji, ukitoka dirishani, uwe na kadi au huna, dai risiti yenye kila kitu mstari kwa mstari. Usiitupe. Ipeleke kijiweni kwenu, na umwombe wa jirani alete yake.